Masomo ya Redio ya Sutatenza: Ni Nani Aliyeketi Karibu na Mashini?

Tunajua nyumba moja ya masomo, hatutaitaja jina, ambamo kompyuta kumi na mbili zililala zaidi ya miaka miwili katika ofisi ya mukubwa wa masomo. Zilikuwa zawadi. Siku zilipofika watu waliimba, wakapiga picha, kisha mulango ukafungwa na ufunguo ukaingia mufukoni. Yule mukubwa hakuwa mutu mubaya wala muvivu. Aliogopa tu: kitu cha bei gali kikivunjika, yeye ndiye atakayeulizwa. Monitere nao hawakuomba ufunguo, maana hakuna aliyewaonyesha la kufanya nyuma ya kuwasha. Mwishoni panya walikula nyuzi, na habari ikaisha hivyo.

Hatuleti habari hii kusudi tucheke. Wengi kati yetu tunaosoma kurasa hizi, kesho watakuwa na ufunguo kama ule. Tangu mapatano ya serikali na Maeklezia ya mwezi wa 2, 1977, Eklezia Katoliki inasimamia nyumba nyingi sana za masomo katika Kongo, na padri wa parokia anaulizwa maneno ya paa, ya madawati, ya mushahara, na siku hizi ya kompyuta na telefone. Katika filozofia na teolojia tunafundishwa mengi. Ginsi ya kuingiza chombo kipya katika kalasi, hiyo tunaachiwa tujifunze wenyewe. Kwa hiyo tumeona vema kufuata historia ya padri mumoja aliyefanya kazi hiyo mbele yetu, katika inchi isiyo yetu, tupime alifaulu wapi na alishindwa wapi. Si historia ya sifa tupu, na ndiyo sababu tumeichagua.

Sutatenza ni muji mudogo wa milima katika jimbo la Boyacá, inchi ya Kolombia, kaskazini-mashariki ya Bogotá. Mwezi wa 8, 1947, padri kijana, jina lake José Joaquín Salcedo, aliyezaliwa mwaka wa 1921, alitumwa pale kuwa musaidizi wa paroko. Walimaji wa pande zile hawakukaa katika vijiji kama sisi. Kila jamaa ilikaa peke yake katika shamba lake, juu ya kilima chake. Nyumba za masomo zilikuwa chache na mbali. Mutoto alipaswa kutembea sana katika matope, na muzazi hakuenda kabisa. Watu wazima wengi hawakujua kusoma. Siku ya Mungu walishuka kwa Misa na soko, wakanywa chicha, ndiyo pombe ya mahindi, kisha wakapanda tena milima yao.

Salcedo alipenda mashini. Alifika na mashini ya kuonyesha sinema, na watu wakaja kutazama. Ndipo alipotaka kujenga nyumba ya mikutano na ya sinema, akajua kwamba feza hawana. Akawaomba kuku. Jamaa kwa jamaa wakaleta kuku, na kuku wakapelekwa Bogotá kuuzwa. Wakati uleule ndugu yake, aliyekuwa Mujesuiti, alimupa mutambo mudogo wa redio, wa nguvu ya wati karibu 100 tu, na mbele ya mwaka wa 1947 kuisha, nyimbo na ngoma za walimaji wa Sutatenza wenyewe zilisikilika hewani. Redio za kupokea sauti ile ungeweza kuzihesabu kwa vidole.

Musomaji asipite upesi mahali pa kuku. Watu wengi wanaoandika juu ya Sutatenza wanakimbilia mutambo, na kweli mutambo ni jambo la ajabu. Sisi tunafikiri kuku walifanya kazi kubwa kuliko wati 100. Mutu aliyetoa kuku wake anauliza: nyumba yetu imefika wapi? Anakuja kuona. Chombo kilichofika kwa gari la wageni, bila mutu yeyote wa pale kutoa kitu, hakina wa kukiuliza habari. Tukumbuke zile sanduku kumi na mbili.

Miaka iliyofuata haikuwa ya amani. Tarehe 9 ya mwezi wa 4, 1948, muongozi wa siasa Jorge Eliécer Gaitán aliuawa katika njia ya Bogotá, na Waliberali na Wakonservateri wakauana katika mashamba miaka mingi. Katika shida ile kazi ya Salcedo ilikua. Mwaka wa 1949 serikali ilikubali shirika lake, Acción Cultural Popular, ambalo watu waliliita ACPO. Kampani General Electric ya Amerika ilisaidia kupata mitambo yenye nguvu zaidi, na UNESCO ikatuma watu wenye maarifa. Mwaka wa 1953 Baba Mutakatifu Pius XII mwenyewe alisema kwa redio na walimaji waliokusanyika kusikiliza. Basi, hayo ni mambo makubwa yanayoandikwa katika magazeti. Tushuke sasa katika nyumba ya mulimaji, maana ndimo kazi ilimofanyika.

Salcedo alitambua mapema kwamba sauti peke yake haifundishi mutu kusoma. Redio inasema «a», lakini mutu asiyejua kusoma hajui «a» ina sura gani. Tena redio haioni. Haioni kama muzee ameshika kalamu vibaya, kama mama amelala kwa uchovu, kama taa imezimika. Kwa hiyo «sikoli ya redio» katika Sutatenza haikuwa redio. Ilikuwa kundi ndogo la jamaa na jirani, katika chumba cha mumoja wao, wenye vitu vinne: redio ya betri, ubao mweusi, chaki, na kitabu kidogo walichokiita cartilla. Na mutu wa tano, tuseme hivyo, aliyewaunganisha: auxiliar inmediato, maana yake musaidizi wa karibu.

Musaidizi huyu alikuwa nani? Hakuwa monitere mwenye diploma. Mara nyingi alikuwa kijana wa nyumba ileile, au binti wa jirani, aliyejua kusoma kidogo kuliko wengine. Hakulipwa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina, kuwaita watu saa ikifika, kuwasha redio, na kusimama kwenye ubao. Mwalimu wa redio aliposema: sasa andikeni neno hili, musaidizi aliliandika juu ya ubao, wengine wakalifuata katika vitabu vyao. Mwalimu aliponyamaza, ni musaidizi aliyeshika mukono wa muzee kumuonyesha ginsi ya kuzungusha herufi. Masomo yakiisha alizima redio, kwa sababu betri ilikuwa feza. Na redio zenyewe, hasa za miaka ya kwanza, zilifungwa kwa wimbi moja tu, wimbi la Sutatenza. Hazikuweza kusikia pahali pengine. Tutarudi kwa jambo hili, maana lina pande mbili.

Nyuma ya musaidizi kulikuwa watu wengine. Paroko alisimamia sikoli za redio za parokia yake, akiwa na mutu wake wa kuzitembelea. Tena, tangu miaka ya katikati ya 1950, ACPO ilifungua katika Sutatenza nyumba ya kufundisha vijana walimaji kuwa waongozi, kisha nyingine ya wasichana. Walifundishwa mambo ya redio, lakini vilevile kulima, kulinda maji safi, kutengeneza nyumba na jiko, kusema mbele ya watu. Waliorudi walitumwa katika parokia nyingine za Kolombia kufungua sikoli mpya na kuwatia moyo wasaidizi waliochoka. Maana walichoka. Kila mutu aliyefanya kazi ya bure anajua kwamba mwezi wa kwanza ni mutamu na mwezi wa saba ni muchungu. Tunaona kwamba hapo ndipo uongozi wa kweli ulipokuwa: katika kumutuma mutu apande kilima kwa miguu kumuona kijana ambaye redio yake imekufa betri na wanafunzi wake wamebaki wawili.

Mafundisho yenyewe yaligawanywa katika mambo matano: afya, herufi, hesabu, uchumi na kazi, na mambo ya roho. Hayakufundishwa kwa kusikiliza tu. Redio ilipofundisha juu ya choo au juu ya kulinda udongo usichukuliwe na mvua, kundi lilipaswa kwenda kufanya. Mwaka wa 1958 gazeti la kila juma, El Campesino, maana yake Mulimaji, lilianza, kusudi waliojifunza kusoma wapate kitu cha kusoma. Jambo hili ni dogo lakini wengi wanalisahau: mutu aliyejifunza herufi na hana karatasi ya kusoma, nyuma ya miaka miwili herufi zimemutoka. Vitabu vidogo vilichapwa kwa mamilioni. Na walimaji waliandika barua. Waliambiwa tangu mwanzo waandike kwa redio, na redio iliwajibu. Barua zilizofika katika miaka yote ya ACPO zinapita milioni moja.

Mbele ya kusema makosa ya Salcedo, tuweke mufano mwingine karibu na wake, maana kitu kimoja peke yake hakipimiki.

Katika bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Samoa ya Amerika. Mwaka wa 1961 alifika guvernere mupya, H. Rex Lee. Akakuta nyumba za masomo ni mbaya na monitere wenyeji hawajui Kingereza vizuri, nacho Kingereza kilikuwa luga ya kufundishia. Angeweza kuwafundisha monitere polepole kwa miaka mingi. Aliona ni kukawia mno. Akachagua televizio. Mutambo ulisimamishwa juu ya mulima Alava, mbele ya bandari ya Pago Pago, na wafanyakazi walipelekwa juu katika kibanda kinachoning'inia kwa kamba ya chuma kuvuka bandari. Mwaka wa 1964 masomo yakaanza, kwa njia kadhaa za televizio kwa mara moja. Walimu wakubwa, wengi wao Wamerika walioletwa kutoka ngambo, walifundisha ndani ya studio; kalasi zote za visiwa zilitazama kwa saa moja iliyowekwa. Monitere Musamoa alibaki kalasini na karatasi ya maagizo: kabla ya kipindi sema hivi, nyuma ya kipindi uliza hivi. Mwaka wa 1966 Prezidenti Johnson alitembelea visiwa, akasifu.

Kwa feza, Lee alikuwa tajiri kuliko Salcedo. Kwa mashini, alimushinda mbali. Lakini tazama monitere yule. Katika Sutatenza, mutu asiyekuwa mwalimu aliinuliwa akawa kama mwalimu. Katika Samoa, mutu aliyekuwa mwalimu alishushwa akawa muwashaji wa televizio. Mwanzoni ilisaidia, hasa watoto wadogo na monitere wasiojua Kingereza. Lakini monitere walipoendelea katika maarifa yao, walianza kuona kwamba saa za studio zinawafunga. Darasa likiwa bado halijaelewa, kipindi kimekwisha kwenda. Katika miaka ya 1970 njia zilipunguzwa, na televizio ikawa nyongeza ya kutumia anayetaka. Mwaka wa 1981 Wilbur Schramm na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo, wala hawakuificha kasoro yake. Sisi hatusemi Lee alikosa nia njema. Tunasema alifanya haraka, na haraka yake iliruka juu ya kichwa cha mutu aliyepaswa kuketi na watoto kila siku.

Turudi Kolombia, tuseme wazi yaliyo magumu.

Musaidizi wa karibu aliheshimiwa, lakini hakuulizwa. Vipindi vilitayarishwa na wakubwa, na kazi ilipokua wakubwa wale walikuwa Bogotá. Barua zilipanda, majibu yakashuka. Lakini ni nini kifundishwe, hilo lilikatwa juu. ACPO ilifundisha kwamba umaskini wa mulimaji unaanza katika akili yake, na kwamba akili ikifunguka mambo mengine yatafuata. Kuna ukweli humo. Lakini mulimaji asiye na udongo wa kutosha, au anayelima udongo wa mwingine, akili yake ikifunguka anaona kwanza hilo. Mwaka wa 1961 padri mwingine wa Kolombia, Camilo Torres, mwenye elimu ya mambo ya jamii, aliandika pamoja na Berta Corredor uchunguzi juu ya sikoli za redio za Sutatenza. Torres huyo alichukua njia nyingine kabisa, akaingia katika vita vya porini, akauawa mwaka wa 1966. Hatumufuati katika njia hiyo. Lakini swali la udongo halikufa pamoja naye, na waliolaumu ACPO waliendelea kuliuliza mpaka mwisho.

Na ile redio ya wimbi moja? Kwa upande mumoja ilisaidia: betri haikuliwa na muziki wa usiku kucha, na masomo hayakushindana na mupira. Kwa upande wa pili ilikuwa ufunguo katika mufuko wa mukubwa, kama ule wa ofisi tuliyoitaja. Redio ndogo za transistori zilipoenea kwa bei nafuu, mulimaji akaweza kuzungusha kifundo mwenyewe, na Sutatenza ikawa sauti moja kati ya nyingi. Wengi walibaki kuisikiliza kwa kupenda, na hiyo ni sifa yake. Wengine walikwenda.

Tena kulikuwa mabishano na maaskofu. ACPO ilianza kusema juu ya uzazi wa kupanga, ikiita jambo hilo mapashwa ya wazazi, na maaskofu wengine walikasirika. Serikali nayo ilianza mipango yake ya kufundisha watu wazima kwa mitambo yake, na musaada wake kwa ACPO ukapunguka. Madeni yakaongezeka. Mwaka wa 1989 mitambo iliuzwa kwa kampani ya redio Caracol, na masomo ya Sutatenza yakanyamaza. Salcedo alikufa mwaka wa 1994, mbali na Boyacá, katika Miami. Lakini mufano wake ulikuwa umekwisha kutoka katika Kolombia: tangu mwaka wa 1972 redio za mafundisho za inchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati zilijiunga katika shirika moja, ALER, na nyingi kati yazo zilikuwa za Kikatoliki.

Wengine watasema: hayo ni ya redio, sisi tuko katika wakati wa kompyuta. Basi tutazame Peru, jirani wa Kolombia. Serikali yake iligawa kwa watoto kompyuta ndogo nyingi sana, mamia ya maelfu. Mwaka wa 2012 wachunguzi waliotazama nyumba 319 za masomo za mashambani walitoa habari: kompyuta zimefika, watoto wanazitumia zaidi, lakini katika hesabu na luga hawakuwapita wenzao wasiozipata. Salcedo, aliyejua kwamba redio haioni, hangestaajabu sana.

Na sisi? Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nyumba zote za masomo katika Kongo, masomo yalitangazwa kwa redio. Ilikuwa kazi nzuri. Tulikuwa nyumbani wakati ule, na katika uwanja mumoja tuliona watoto watatu wakisikiliza somo la hesabu. Dakika kumi za kwanza walikaa kimya. Kisha mumoja hakuelewa, akamuuliza mwenzake. Mwenzake akasema, nyamaza, nasikiliza. Na wote wawili wakapotea. Dada yao mukubwa, aliyemaliza kalasi ya sita, alikuwa karibu akipepeta muchele. Hakuna aliyemuambia kwamba anaweza kushika kipande cha makaa na kuandika hesabu ile juu ya ukuta.

Msichana wa namna ile si mugeni katika historia yetu. Zamani, katika sikoli za kapela, nani aliyefundisha watoto kusoma mahali ambapo padri alifika mara mbili au tatu kwa mwaka? Katekista, aliyejua kidogo kuliko padri na zaidi kidogo kuliko jirani, na padri akifika alimutembelea, akaketi naye, akamusahihisha, akamuachia kitabu. Babu zetu wangemutambua musaidizi wa Sutatenza mara moja, hata bila redio yake.

Konji ya mwisho wa mwaka inakaribia, na wengi wetu tutapelekwa katika parokia kwa muda. Ndugu atakayekuta kompyuta ndani ya sanduku asianze kwa kuuliza zina nguvu gani, wala zilitolewa na nani. Aulize ni monitere gani anayekaa jioni na watoto waliochelewa kuelewa, hata bila mushahara wa jioni. Mara nyingi yupo, na mara nyingi mukubwa wa masomo anamujua jina lake. Aende amuone huyo kwanza, nyumbani kwake, mbele ya kuomba ufunguo.